Bahari Katika Madumu ya Mama Mkwe

Jumatano, 5 Februari

…na ndiyo maana sikubali kwamba nimeolewa na mtu mmoja. Nimeolewa na Bakari pamoja na bahari yake. Asubuhi kabla hajanywa chai anawasha taa ya tangi, anainama, anaangalia kipande kimoja kimoja cha matumbawe kama mama anayepitia watoto waliolala. Ndipo anageuka kunisalimia. Siku ya kwanza nilinuna. Leo nimeinama naye. Mashavu yetu yote mawili kwenye kioo. Nilifurahi hadi nikaona aibu.

Tangi liko sebuleni, pale ambapo watu wengine hapa Nyamirambo, Kigali, wanaweka televisheni. Ukubwa wake kama kitanda cha mtoto. Si letu. Ndani mna vipande bora vya tangi kubwa la Madamu Solina wa Nyarutarama, ambako Bakari anafanya kazi. Madamu ni Mnyarwanda aliyekulia Tanzania. Alirudi na hamu ya bahari, akajijengea bahari ndani ya nyumba na kumleta Bakari kutoka Tanga kuitunza. Sasa tangi kubwa limevunjwa, jipya linajengwa kwenye nyumba yake mpya ya wageni, mafundi hawajamaliza, na wakati huo matumbawe yanakaa kwetu. Fungate yetu ina wageni.

Sharti lake ni wazi. Atakuja kuyaona Jumapili ya tarehe 16. Yakiwa hai, tangi jipya ni la Bakari kulitunza. Yakifa, ataweka samaki wa maji baridi wasiohitaji mtaalamu, kazi itakwisha, na kibali cha Bakari cha kukaa hapa kitakwisha nayo. Atarudi Tanga kutafuta kazi nyingine kwanza, kabla hajaweza kuniita. Mimi nitabaki na cherehani yangu na picha za harusi.

Nimeliandika. Sitaki kuliandika tena.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeyapa matumbawe majina. Bakari alicheka, lakini nimemsikia akiyatumia. Lenye mikunjo mikunjo ni Ubongo. Lenye matawi ni Vidole. La kijani linalopepea kama kitambaa ni Kilemba. La zambarau lenye madoa, lisilo na umbo lolote, ni Kitenge.

Sekondari niliandika kwenye mtihani kwamba matumbawe ni wanyama, nikapata alama zangu, na sikuamini hata kidogo. Leo nimeamini. Bakari amenipa kioo cha kukuzia. Kila kitundu kina kinyama, kila kinyama kina mdomo, na mikono midogo midogo imeuzunguka mdomo huo. Akadondosha tone la chakula. Mikono ikajikunja, ikavuta. Na ndani ya ngozi yao wanaishi vimea visivyoonekana, vinapika chakula kwa mwanga na kumgawia mwenye nyumba. Mmoja anatoa nyumba, mwingine anapika. Nikasema, kama sisi. Bakari akasema, "Na sisi anayepika ni nani?" Nikamwambia ale wali wangu kwanza halafu arudie hilo swali.

Samaki ni wawili, rangi ya chungwa, mistari myeupe. Bwana na Bibi. Wanaishi katikati ya mikono ya mnyama mmoja anayefanana na ua. Mikono ile inachoma samaki wengine wote, hawa haiwachomi. Wanalala humo kama kitandani. Bibi ni mkubwa kuliko Bwana, na amri ni yake. Akifa, Bwana anageuka jike na kushika nafasi. Shangazi Mwamini alipoelezwa hayo akasema, "Kumbe ni samaki wa kwetu Nyamirambo."

Shangazi ndiye aliyenilea. Babu yake alikuja huku na wafanyabiashara wa pwani, kwa hiyo mambo ya bibi harusi kwake hayana mjadala. Kila alasiri, Bakari akiwa Nyarutarama kusimamia mafundi, Shangazi anaingia na chetezo chake. Udi, liwa, mafuta. Ananifukiza nguo, ananifukiza nywele, anafukiza mapazia. Bakari akirudi anasimama mlangoni na kufumba macho. Napenda anapofumba macho.

Nimepewa kazi rasmi: kumwaga kikombe cha povu. Kuna kimashine pembeni ya tangi kinachovuta hewa ya chumbani na kuichanganya na maji mpaka yatoe povu. Uchafu unapanda na povu, unaingia kikombeni. Mimi ndiye mwagaji. Cheo changu cha kwanza katika ndoa.

Ijumaa, 7 Februari

Amerudi kutoka msikitini na sambusa, tumekula mbele ya tangi, amenisimulia mwamba wa kwao.

Alipokuwa mdogo watu walivua kwa baruti. Mlipuko mmoja, samaki wanaelea matumbo juu, wanazolewa. Mwamba ukabaki kifusi kama nyumba iliyobomolewa. Pweza hana shimo, samaki wadogo hawana pa kujificha, wakubwa hawana wa kumla. Wavuvi wakawa wanarudi na vyombo vitupu. Bakari na vijana wenzake wakaanza kupanda. Kupanda kweli, kwa vipandikizi, kama unavyopanda muhogo. Wanafunga vipande kwa kamba kwenye vyuma, wanavizamisha, wanasubiri. Hata haya ya Madamu yamekuzwa hivyo, hayakung'olewa baharini. Bakari asingekubali.

Anasema mwamba ulipoanza kushika, pono ndio aliowaona kwanza. Pono anatafuna mwamba kwa meno, anameza, na anachokitoa nyuma ni mchanga mweupe. Mchanga huohuo ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuulalia na kupigwa picha. Chai ilinitoka puani.

Na usingizi wa pono ni kweli. Anajizungushia kifuko cha ute, analala ndani yake kama ndani ya chandarua, humshtui. Basi Bakari wangu ni pono. Usiku mtu anaweza kumbeba na godoro lake akamwacha stendi ya Nyabugogo.

Sijawahi kuona bahari. Maji makubwa niliyoyaona ni Ziwa Kivu. Sijamwambia jinsi ninavyotaka. Namna anavyosimulia, nahofia nitalia.

Jumamosi, 8 Februari

Wageni siku nzima. Majirani, wateja wangu wa kushona, mke wa muuza nyama. Wote wamekuja kuniona mimi, wote wamekaa wakiangalia tangi. Sina kinyongo. Nimejipamba saa nzima kumbe nashindana na Bibi.

Mle tangini mna pia kamba mwekundu, na leo alifanya maonyesho. Ana kituo chake juu ya jiwe. Bwana alikwenda, akasimama, akafungua mapezi, kamba akampanda na kuanza kumtoa uchafu mwilini kama kinyozi. Mke wa muuza nyama akasema anamtaka yule kamba kwa ajili ya mume wake.

Jioni Vidole hakufunguka. Bakari anasema pengine kelele na vivuli vya watu. Sawa.

Jumapili, 9 Februari

Vidole hajafunguka. Kilemba amejikunja nusu. Bakari amepima joto, liko sawa. Amepima chumvi, iko sawa. Amepima vitu vingine ambavyo sijui majina yake, viko sawa. Amekaa kwenye kiti, mikono katikati ya magoti. Sijamwona hivyo. Nimemletea chai, ameishika mpaka ikapoa.

Sipendi.

Jumatatu, 10 Februari

Mchana.

Nimemwambia Shangazi. Hakusita. "Hilo ni jicho. Watu wamekaa wameyasifu, hakuna aliyesema mashallah." Nikakumbuka mke wa muuza nyama na yule kamba. Ni kweli, hakusema.

Basi tumefanya kazi. Shangazi ameweka udi mwingi kuliko siku ya harusi yenyewe. Tumefunga madirisha ili moshi usipotee. Amelizungushia chetezo tangi lote, juu, chini, pembeni, mimi nikipepea kwa kipepeo cha ukindu, yeye akisoma dua. Moshi ulikuwa mzito hadi taa ya tangi ikawa kama mwezi kwenye ukungu. Vizuri mno. Nimejiona mke hasa, namlindia mume wangu riziki yake.

Jioni.

Bakari amerudi. Yote yamefunga. Ubongo amenywea hadi kingo zake zinaonekana kama mfupa. Bwana na Bibi wako juu kabisa, wanahema mdomo wazi.

Alifungua madirisha, mlango, kila kitu. Kisha akatoa kikombe cha povu, akakinusa. Akakinusa tena. Akasema polepole, "Zaina, hiki kinanukia harusi yetu."

Kile kimashine. Kinavuta hewa ya chumbani. Kila alasiri nimekuwa nikiwanywesha udi. Na mimi ndiye ninayemwaga kikombe kila asubuhi, na sikusikia chochote, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nanukia vivyo hivyo.

Nimemweleza yote, hata dua. Hakufoka. Heri angefoka. Alienda jikoni, akasimama huko kidogo, akarudi, akaniambia nimshikie ndoo.

Jumanne, 11 Februari

Tumeshinda kwenye kazi. Kuna makaa maalum ya kuchujia, meusi, madogo kama mbegu za papai. Ameyaweka kwenye mfuko wa kitambaa niliomshonea kwa mkono, maji yanapita humo. Amebadilisha maji kwa chumvi yote iliyobaki. Chumvi ya jikoni haifai. Hii inataka kuwa na madini yote ya bahari, na hapa Kigali hatukupata anayeiuza. Mzigo aliouagiza umekwama bandarini Dar. Maji tuliyoweka ni kidogo. Yanahitajika mengi.

Alasiri Shangazi akatokea na chetezo. Bakari alimpokea kwa heshima zote, akamweleza. Shangazi akaniangalia mimi, si yeye. "Nimefukiza mabibi harusi miaka yote. Hajafa hata mmoja."

"Shangazi," Bakari akasema, "hawa hawana pua. Wanaunywa."

"Basi na wewe ungeoa huko kwenye maji."

Akafunika chetezo kwa kanga, akaondoka. Hakugeuka nyuma. Nimelia chooni, halafu nimeosha uso, halafu nimelia tena jikoni ambako angalau kuna kitunguu cha kusingizia.

Bakari alinikuta. Akachukua kisu, akaanza kukata yeye. Akasema mama yake akiona vitunguu alivyovikata atamkana. Kisha akaweka kisu chini, kama mtu aliyepigwa na kitu kichwani. Akasema, "Mama."

Akapiga simu papo hapo. Mama mkwe sijawahi kumwona ana kwa ana. Goti lilimzuia kuja harusini. Analima mwani baharini, saa zake zote anazihesabu kwa maji kujaa na kupwa. Bakari alimweleza kwa urefu, na udi ndani yake, nami nikitamani ardhi inimeze. Halafu nikasikia sauti yake nzito kabisa: "Sasa shida yenu si maji tu? Maji ninayo."

Jumatano, 12 Februari

Bahari inakuja kwa basi.

Mama amempeleka shemeji Mbwana na mashua hadi nje ya mwamba, maji yakiwa yanajaa, yakiwa safi. Mbwana ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anasema mama yake alimkagua mikono kama daktari kabla hajagusa kifuniko. Madumu manne. Mapya. Mama amenipigia mimi, si Bakari, kunieleza hilo.

"Nisingemletea mkwe wangu bahari ndani ya dumu la mafuta ya taa."

Nikamwomba radhi kwa ajili ya udi. Akacheka hadi akakohoa. Akasema yeye alipoolewa walimfukiza hadi kuku wa jirani wakahama. Akasema, "Wewe mkwe wangu una mkono mzito. Nimekupenda." Nimeyaandika maneno haya kama alivyoyasema.

Mbwana ameyafikisha Dar jioni. Alfajiri yatapanda basi la Kigali. Kilemba amelala chini kama kitambaa kilichodondoka kutoka kwenye kamba. Mwisho wa tawi moja la Vidole umekuwa mweupe. Bakari anasema weupe ni kinyama kuachana na kimea chake. Nyumba bila mpishi. Haifi hapo hapo. Lakini haikai hivyo muda mrefu.

Sikuuliza muda mrefu ni kiasi gani.

Alhamisi, 13 Februari

Basi liko njiani. Hakuna jingine la kuandika. Tumekula mkate.

Umeme ulikatika alasiri. Tukakoroga maji kwa zamu kwa mwiko mpya wa harusi, tukalifunika tangi kwa blanketi zuri tulilozawadiwa. Ulipochelewa kurudi, Bakari akasema, "Angalau mwiko tunautumia." Nikacheka. Nikagundua sijacheka tangu Jumatatu.

Naogopa sana. Sitaki arudi Tanga bila mimi. Nimekuwa mke wake kwa muda mfupi mno na tayari sijui nilikuwa nakaaje jioni kabla yake.

Ijumaa, 14 Februari

Leo wanawake wengine wamepewa maua. Mimi nimepewa madumu manne ya maji ya chumvi. Sibadilishani na mtu.

Basi lilichelewa mpakani Rusumo. Bakari hakuweza kuliacha tangi, umeme unakuja na kuondoka. Nikasema nitakwenda. Nikafungua mlango, Shangazi Mwamini huyo hapo, mkono juu kama anayetaka kubisha. Bila chetezo. Bila wanja hata.

"Nimeoga kwa maji matupu," akasema. "Sabuni sikugusa. Nanuka kama gunia la viazi. Twende."

Nilimshika mkono tangu nyumbani hadi Nyabugogo.

Nyabugogo ilikuwa Nyabugogo. Watu, mizigo, makondakta wakivuta abiria kwa mikono ya mashati. Basi la Dar liliingia limejaa vumbi hadi kwenye vioo. Dereva alitutafuta yeye mwenyewe, alitaka kuwaona wenye huo mzigo. Anasema afisa wa mpakani alimfungulisha dumu, akanusa, akauliza maji haya ni ya nini. Dereva alikuwa amechoka, akajibu, "Ya bibi harusi." Afisa akatikisa kichwa, akamwambia apite.

Karani, ndivyo wanavyoitwa wabeba mizigo wa pale, akainua dumu moja, akasema, "Hii iko na nini ndani, dada?"

"Maji."

"Maji? Kutoka Dar?" Akatazama juu. Mawingu yalikuwa meusi, mvua inakuja. "Dada, na huku maji iko."

Shangazi akamwambia haya si kama ya huku. Yeye akadhani kuna siri, akalowesha kidole kwenye kifuniko, akaonja. Uso aliokunja sitausahau. Akatema, akaita wenzake, "Wamelipa basi kuleta chumvi iliyooza." Wakaja wote kuonja. Wote wakatema. Shangazi akawa anawafukuza kwa mkoba, "Acheni, mtamaliza bahari ya mama wa watu."

Kisha nikaonja mimi. Kwa siri, nyuma ya basi. Ni kali, ina uchungu kidogo mwishoni, na ndani yake mna kitu kama chuma. Hii ndiyo aliyoogelea Bakari akiwa mtoto. Niliilamba tena.

Tumekodi gari dogo la mizigo. Mimi na Shangazi nyuma na madumu, mvua ikatupiga njia nzima, Shangazi amelikumbatia dumu moja kama mjukuu.

Bakari alikuwa barabarani anatusubiri, ameloa. Alitubeba kwa macho wote wawili kwanza, ndipo akabeba madumu.

Jumamosi, 15 Februari

Maji hayakuwekwa papo hapo. Kwanza yapate joto sawa na ya tangini, yapigwe hewa, yapimwe. Bakari alianza kuyaingiza kwa mpira mwembamba kabla ya adhuhuri, taratibu kama anayemnywesha mgonjwa. Tawi lililopauka la Vidole amelikata, akasema lililobaki linatosha kuotea.

Shangazi alikaa mbele ya kioo tangu mchana. Amekataa kwenda nyumbani. Amekataa hata kula, anaogopa harufu ya chakula.

Saa kumi na moja hivi akanong'ona, "Zaina. Zaina, njoo polepole."

Kitenge. Madoa yalikuwa yanatoka. Si madoa, ni mikono. Mmoja hapa, mmoja pale, halafu mingi pamoja, kama watu wanaochungulia madirishani baada ya mvua. Ubongo akaanza kujaa. Kilemba akainuka upande mmoja, akaanguka, akainuka tena, akaanza kupepea. Vidole amekuwa wa mwisho, na haraka hakuwa nayo. Bwana na Bibi wakazama kwenye ua lao, wakajifunika.

Kwa mila yetu ya Kinyarwanda bibi harusi hukaa amefunikwa ndani, halafu ndugu wanakuja kumtoa, tunaita gutwikurura. Shangazi akasema kwa sauti ya mtu mwenye mamlaka, "Hawa nao wametwikuruliwa." Kisha akasema mashallah. Akamgeukia Bakari: "Na wewe sema." Bakari akasema. "Na wewe Zaina." Nikasema. Akahakikisha kila mmoja amesema, ndipo akaomba chai.

Bakari amenishika kiuno mbele ya Shangazi. Hajawahi. Shangazi akajifanya anatafuta sukari.

Jumapili, 16 Februari

Madamu Solina amekuja baada ya kanisa, viatu vya kanisani, uso hauna habari. Bakari amevaa shati la harusi. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni nimeshika pazia.

Alikaa. Akaangalia muda mrefu. Bakari akamweleza yote mwenyewe, udi, maji, tawi lililokatwa, hakupunguza kitu. Madamu hakumkatiza. Kamba akamsafisha Bibi. Kilemba akapepea. Madamu akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, halafu akaacha, kama aliyekumbuka kwamba amekuja kikazi.

Akauliza, "Maji umetoa wapi?"

Bakari akamwonyesha dumu la mwisho, lililobaki nusu. Madamu akavua pete, akaingiza kidole, akaonja. Hakutema. Alikaa na kile kidole mdomoni kama mtoto, mwanamke mzima mwenye gari nje na dereva ndani yake. Akasema, "Nimesoma Tanga mimi. Tulikuwa tunatoroka shule kwenda kuogelea." Macho yakamjaa. Akageukia ukutani, akakohoa.

Kisha akarudi kuwa Madamu. Alimwambia Bakari wiki ijayo akaangalie mabomba ya tangi jipya, mafundi wale hawaaminiki, na kibali apeleke karatasi zake ofisini kwake wazijaze upya. Basi. Hivyo tu, kama anayeagiza nyanya. Mlangoni akaninusa, nusu kwa utani. "Mke wa Bakari hajipaki marashi?" Nikasema, "Najipaka kwa Shangazi, Madamu. Naoga, halafu narudi."

Gari lilipopinda kona, Bakari alininyanyua. Nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Nina nundu. Nimefurahi hadi na nundu yangu.

Nilimpigia Mama mkwe kumweleza. Akasema, "Na bahari yenyewe umeionja?" Nikasema ndiyo. "Vipi?" Nikasema ina chumvi, Mama. Akasema amefurahi kusikia haijabadilika njiani.

Jumanne, 18 Februari

Mvua asubuhi, halafu jua. Nimerudi kwenye cherehani. Nashona sare za kwaya, mbele ya tangi, ili niwaone. Vidole ameota ncha mpya, ndogo kama punje ya mchele. Bakari hajaiona. Nimemtunzia ajionee mwenyewe jioni.

Nimeyaosha madumu kwa maji matupu, nimeyapanga ukutani juani, midomo chini. Yamekauka na weupe mwembamba ndani. Sikuufuta.

Bakari alisema yatarudishwa na dereva wa basi. Nikamwambia kwetu chombo hakirudishwi kitupu, akasema kwao pia. Basi tumekubaliana. Moja maharage. Moja majani ya chai. Moja asali kwenye chupa, zifungwe vizuri. La nne anataka liende tupu lirudi na maji. Madamu amekubali twende Tanga siku chache, na kijana wake wa Nyarutarama atalala hapa kuangalia tangi. Shangazi atamlinda kijana.

Mama ametaka tuwahi vunja jungu, tule naye kabla ya Ramadhani. Bakari ataniingiza majini nikimshika shingo, hadi kwenye vyuma alivyovipanda. Anasema nikiweka masikio chini ya maji nitawasikia pono wakitafuna.

Nimempigia Mama sasa hivi. Nimemwambia madumu yake asiyatazamie kwenye basi. Namletea mwenyewe, kabla mwezi huu haujaisha.